Wazee wa Kanisa na Funguo za Sanduku

Mkataba wa Versailles, uliotiwa saini Juni 28, 1919, unakumbukwa kwa mambo makubwa: Ujerumani kunyang'anywa makoloni, kutozwa fidia, mipaka ya Ulaya kuchorwa upya. Wachache hufika hadi kifungu cha 438. Humo mataifa yaliyoshinda vita yalikubaliana kwamba mali za misheni za Kikristo za Wajerumani zikabidhiwe bodi za wadhamini zitakazoteuliwa au kuidhinishwa na serikali, na kwamba wajumbe wa bodi hizo wawe watu wa imani ileile ya misheni yenyewe. Ndivyo viwanja vya kanisa vya Machame, chuo cha walimu cha Marangu na vituo vya milima ya Usambara vilivyojikuta ndani ya hati moja na manowari na migodi ya makaa ya mawe.

Hakuna Mchagga wala Msambaa aliyeulizwa. Waliotunga kifungu hicho waliwaza hati za ardhi, na kwao mwenye hati ndiye mwenye kanisa. Huku mlimani mambo yalikuwa yanakwenda kivingine. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walipoondolewa Kilimanjaro mwaka 1920, waliobaki kufungua milango ya kanisa Jumapili, kuhesabu sadaka, kuzika wafu na kusuluhisha ndoa walikuwa walimu wa shule za vijijini pamoja na wazee wa kanisa. Versailles haikuwataja.

Historia ya vikao vya kanisa katika Afrika Mashariki hupenda kusimuliwa kama malezi: mmisionari akapanda, akamwagilia, akaona mche umekomaa, akakabidhi. Masimulizi hayo ni matamu, tena yana ukweli kidogo. Lakini ukifuata miaka yenyewe unaona kitu kingine. Mara nyingi vikao vilipata nguvu siku ambazo mgeni alifukuzwa, aliwekwa kizuizini au alikaribia kuuawa, na aliporudi akawakuta wenyeji wameshazoea kuamua. Ugomvi uliofuata haukuhusu sana Utatu Mtakatifu wala maana ya ubatizo. Ulihusu nani apangiwe kituo gani, nani amlipe, na funguo za sanduku zikae kwa nani.

Mfano wa mapema uko Buganda. Januari 31, 1885, vijana watatu waliokuwa wakisoma kwa wamisionari wa Kianglikana, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, waliuawa kwa amri ya utawala wa Kabaka Mwanga, aliyekuwa ametawazwa miezi michache tu kabla. Wamisionari waliokuwa Natete, Alexander Mackay na Robert Ashe miongoni mwao, walijua kwamba siku yoyote wanaweza kufukuzwa au kuuawa. Mwaka huohuo wakaunda baraza la kanisa la Waganda ili wasomaji wasibaki kundi lisilo na mchungaji. Katika orodha ya viongozi wa miaka hiyo yamo majina ya Nikodemo Sebwato na Henry Wright Duta, watu ambao baadaye kila mwenye kuandika historia ya Uganda amelazimika kuwataja.

Hofu yao haikuwa ya bure. Oktoba 1885 Askofu James Hannington aliuawa Busoga akiwa njiani kuelekea Buganda. Juni 1886 moto wa Namugongo ukawateketeza Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Ashe akaondoka mwaka huo, Mackay akafukuzwa mwaka uliofuata, na mapinduzi ya 1888 yakawaondoa wamisionari wote waliosalia. Kanisa halikufa. Watu waliendelea kukusanyika kwa siri, kufundishana kusoma karatasi zilizotoka katika mashine ya chapa ya Mackay, na kuombeana. Mackay mwenyewe alifia Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria, Februari 1890.

Hapa kuna jambo la kutazamwa kwa makini. Wengi wa "wazee" hao walikuwa vijana. Walitoka katika jumba la Kabaka, wanafunzi wa kutumwa huku na huko, wenye uchu wa vitabu. Mvi hawakuwa nazo. Cheo cha mzee kilikwenda kwa aliyejua kusoma, na hilo lilikuwa geuzo kubwa kwa jamii ambazo umri ndio uliompa mtu haki ya kusema barazani. Kwa Wakikuyu mambo yalikuwa hivyohivyo: baraza la jadi la wazee, kiama, lilimtaka mtu atoe mbuzi na apande ngazi kwa miaka, ilhali mzee wa kanisa angeweza kuwa kijana wa juzi aliyetoka bweni la misheni ya Thogoto akiwa na Agano Jipya mkononi. Kukaa kikao, kusikiliza shauri na kutoa hukumu, hayo Waganda, Wakikuyu na Wachagga hawakufundishwa na mtu. Kilichobadilika ni nani aliyeruhusiwa kuketi.

Askofu Alfred Tucker alifika Uganda mwishoni mwa 1890. Alikuwa amewahi kuwa mchoraji kabla ya kuwa kasisi, na labda ndiyo maana aliweza kuona picha nzima ambayo wenzake hawakuiona. Mwaka 1893 aliwabariki mashemasi wa kwanza Waganda, Duta akiwemo. Kisha, karibu na mwisho wa karne, akaleta pendekezo la katiba ya kanisa: sinodi moja ambamo Waganda na wamisionari wote wangeketi, na wamisionari wawe chini ya uamuzi wa sinodi hiyo kama Mkristo mwingine yeyote.

Wamisionari wake mwenyewe wakagoma.

Hoja zao zilikuwa za kistaarabu: Waganda bado wachanga, mambo yasiharakishwe, misheni ina taratibu zake. Chini ya hoja hizo kulikuwa na swali moja wasilopenda kulitamka waziwazi, nalo ni iwapo Mwafrika anaweza kupiga kura ya kumhamisha Mzungu. Mabishano yakachukua zaidi ya miaka kumi. Katiba ilipopitishwa mwaka 1909 ilikuwa imepunguzwa makali, na sehemu kubwa ya kazi ya wamisionari ilibaki chini ya kamati yao wenyewe. Tucker akaondoka Uganda mwaka 1911. Hata hivyo mfumo wa mabaraza uliosimikwa, kuanzia kanisa la kijiji hadi wilaya hadi sinodi, ulikuwa na sifa moja ambayo makanisa mengine ya eneo hili yalichelewa kuipata: makasisi na walimu wenyeji walilipwa kwa fedha za waumini wenyewe, si kwa hundi kutoka London.

Kilimanjaro ina hadithi ndefu zaidi, na ndiyo inayofaa kusimuliwa polepole.

Walutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, baada ya Waanglikana kuondoka Moshi kufuatia vita kati ya Wajerumani na watu wa Mangi (chifu) Meli. Wakafungua Mamba mwaka 1894 na Kidia, Old Moshi, mwaka 1896. Mwaka huohuo wa 1896 wenzao wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, Meru. Ubatizo wa kwanza ulifanyika Machame mwaka 1898. Waumini walipoongezeka, mmisionari mmoja mwenye mitaa mingi ya milimani, mabonde na mito katikati, hakuweza kujua nani kalewa, nani kaoa wa pili, na nani anaumwa. Wazee wakawa macho na masikio yake.

Aliyeipa kazi hiyo nadharia ni Bruno Gutmann. Alifika Uchaggani mwaka 1902, akakaa Kidia kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi, akaandika maelfu ya kurasa kuhusu sheria na mafunzo ya Wachagga. Aliamini kwamba kanisa lisijengwe kwa kumtoa mtu mmojammoja katika ukoo wake. Lijengwe juu ya kile kilichokuwepo: ukoo, ujirani na rika. Kwa hiyo mgawanyo wa usharika ulifuata majirani, vijana wa kipaimara walifungwa pamoja katika vikundi vya kuchungana, na mzee wa kanisa alikuwa mtu anayejulikana mtaani kwake kabla ya kujulikana madhabahuni. Wakosoaji wake walisema aliupenda ukabila kuliko injili, na kwamba aliwataka Wachagga wabaki kama alivyowakuta. Wana hoja. Lakini muundo wake ulistahimili mtihani ambao hakuupanga, kwa sababu mwaka 1920 yeye na Wajerumani wenzake walitakiwa kuondoka.

Walibaki wachache waliohesabiwa kuwa si Wajerumani, kama Leonhard Blumer aliyetoka Estonia na kufanya kazi Arusha. Mtu mmoja hawezi kuwa mchungaji wa mlima mzima. Walimu ndio waliobeba mzigo, watu wa kizazi cha Filipo Njau na Yohane Kimambo. Hawakuwa wamebarikiwa kuwa wachungaji, kwa hiyo kulikuwa na mambo wasiyoruhusiwa kuyafanya kwa utaratibu wa kawaida. Walihubiri, walifundisha wakatekumeni, walisimamia shule na kukaa na wazee kuamua mashauri. Wamarekani wa sinodi ya Augustana walifika kuanzia 1922 kusaidia, na Waleipzig wakaruhusiwa kurudi kuanzia katikati ya miaka ya 1920. Gutmann alirudi Kidia. Mlima aliourudia haukuwa ule aliouacha: kahawa ilikuwa imeingia migombani, na mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA, kikiongozwa na Joseph Merinyo, aliyesomeshwa na misheni hiyohiyo ya Old Moshi.

Si bahati kwamba chama cha kahawa na baraza la wazee vilifanana. Watu walewale waliojifunza kuandika muhtasari, kuhesabu kura na kusoma taarifa ya mhazini kanisani ndio walioketi kwenye mizani ya kahawa, na fedha ya kahawa ndiyo iliyogeuza sadaka ya ndizi na mayai kuwa sarafu. Sadaka za mazao hazikwisha. Hadi leo katika sharika nyingi ibada ikimalizika watu husimama uwanjani, na mzee mwenye sauti nzuri ananadi mkungu wa ndizi, kuku au debe la mahindi mpaka ifike bei ya kumpendeza mhazini. Mgeni huona mchezo. Kwa mwenye kujua hesabu za usharika, mnada huo ni sehemu ya bajeti.

Kazi iliyowapa wazee heshima na chuki kwa kiasi kimoja ilikuwa nidhamu. Mashauri yalikuja kwao kabla hayajafika kwa mchungaji. Binti aliyepata mimba nje ya ndoa, mume aliyeongeza mke, mzazi aliyempeleka mwana kwenye mila zilizokatazwa, mtu aliyelewa mbege sokoni akatukana: wote waliitwa, wakasikilizwa, na aliyeonekana na kosa akatengwa. Kutengwa kulimaanisha kukosa meza ya Bwana, kukosa kusimamia ubatizo wa mtoto wa ndugu, na mara nyingine hofu ya kuzikwa bila kengele. Njia ya kurudi ilipitia kwa wazee haohao. Mtu aliomba, akapewa muda, akasimama mbele ya usharika Jumapili na kupokelewa tena, na tangazo la waliorudi kundini likawa sehemu ya ibada iliyosikilizwa kwa utulivu kuliko hata mahubiri.

Mamlaka hayo yalikuwa na upofu wake. Mimba inaonekana na baba wa mtoto haonekani, hivyo safu ya waliotengwa ilijaa wanawake. Mbege nayo ilikuwa tatizo kwa wazee wenyewe, kwa sababu pombe hiyo ndiyo iliyofunga mahari, kupatanisha majirani na kumzika mzee mwenzao. Haiwezekani kuishi Uchaggani na kuikwepa. Hivyo kikao kilipaswa kupima kati ya kuonja na kulewa, na kila mtaa ulijua mzee gani ana mizani mizito na yupi ana mizani miepesi.

Mwaka 1934 wachungaji wa kwanza wazalendo wa eneo la Leipzig walibarikiwa, miongoni mwao Lazaro Laiser wa Arusha. Miaka mitano baadaye Ulaya ikawaka tena. Mwaka 1940 Wajerumani waliwekwa kizuizini, na kwa mara ya pili katika miaka ishirini kanisa likaamka bila wamisionari wake. Safari hii wazee walikuwa na uzoefu. Wamarekani wa Augustana, wakiwa wachache mno, walipewa uangalizi wa maeneo yaliyoachwa, na Waswidi wakaingia kusini na Bukoba. Bukoba yenyewe ilikuwa na kumbukumbu ya namna hiyo kutoka vita ya kwanza: wamisionari wa Kijerumani wa Bethel walipoondoka, Andereya Kajerero na wenzake walishikilia Ulutheri wao kati ya Wahaya hata Wamethodisti wa Afrika Kusini walipokuja kuwasimamia. Walutheri wa Bukoba hupenda kukumbusha kwamba wasomaji wa kwanza kwao hawakuletwa na Mzungu. Walikuwa Wahaya waliosomea Buganda, wakarudi na vitabu kabla Ernst Johanssen wa Bethel hajafika mwaka 1910.

Upande wa Kenya, kikao cha wazee kilipimwa kwa moto mwingine.

Misheni ya Uskochi, iliyokuwa Thogoto na Tumutumu, ilikuwa ya Kipresbiteri, na Upresbiteri bila wazee haupo. Mchungaji na wazee huongoza pamoja, na juu yao kuna presbiteri. Wachungaji wa kwanza Wakikuyu, Musa Gitau akiwa mmoja wao, walibarikiwa mwaka 1926. Miaka mitatu baadaye Dk. John Arthur, mkuu wa misheni, aliamua kulimaliza suala la tohara ya wasichana kwa njia ya kuwataka watumishi wa misheni, wazee na waumini watie alama ya kidole gumba kwenye tamko la kuikana. Tamko hilo lilikihusisha pia Chama cha Wakikuyu, KCA, kilichokuwa kikitetea mila na ardhi, na hapo ndipo shauri la mwili wa msichana lilipogeuka kuwa shauri la siasa.

Mzee wa kanisa akawa njia panda. Akitia kidole, majirani wanamwona kibaraka aliyeuza ardhi, maana uvumi ulisema karatasi ile ni ya kuchukulia mashamba. Asipotia, anapoteza cheo, na pengine kazi ya ualimu. Katika wiki za mwisho za 1929 makanisa yalibaki matupu na shule zikapoteza watoto. Wimbo wa kejeli uitwao muthirigu ulienea hadi serikali ikaupiga marufuku mwanzoni mwa 1930. Wengi walirudi miaka iliyofuata. Wengine hawakurudi: walijenga shule na makanisa ya kujitegemea, nao huko wakachagua wazee wao wenyewe na kuweka hesabu zao wenyewe.

Katika ghasia zote hizo wanaume waliandika sana. Wanawake waliandika kidogo, lakini walichoandika kina uzito. Mwaka 1931 kikundi cha wanawake Wakristo wa Tumutumu kilichojiita Ngo ya Tuiritu, ngao ya wasichana, kilipeleka barua kwa baraza la wenyeji la Nyeri. Walistaajabu kwamba wanaume wanakaa kujadili jambo la uchungu wa kuzaa wasioujua, na wakadai kwamba wanawake nao wawepo linapojadiliwa. Hoja hiyo, kwamba anayeamuliwa awepo kwenye kikao, ndiyo ileile Tucker alikuwa ameipigania kwa ajili ya Waganda, lakini yeye na sinodi yake hawakuwa wameifikisha hadi jikoni.

Haikufika haraka kokote. Wanawake walijenga makanisa kwa mawe waliyobeba kichwani na kwa fedha za vikundi vyao, Chama cha Wanawake cha Wapresbiteri, Umoja wa Akina Mama wa Waanglikana, Umoja wa Wanawake wa Walutheri, wakawa na hazina zilizonyooka kuliko za wanaume, na bado wakangoja nje ya mlango wa kikao kikuu. Nyambura Njoroge alibarikiwa kuwa mchungaji wa kwanza mwanamke katika Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki mwaka 1982. Walutheri wa Tanzania walifuata mwanzoni mwa miaka ya 1990, kila dayosisi ikiamua kwa wakati wake. Mwaka 2021 Waanglikana wa Kenya walimweka wakfu Emily Onyango kuwa askofu msaidizi wa Bondo, na Rose Okeno kuwa askofu wa Butere.

Rudi sasa Kilimanjaro, ambako miaka ya 1950 ilikwenda mbio. Novemba 1955 mkutano wa Walutheri wa Afrika nzima ulifanyika Marangu, katika himaya ya Mangi Petro Itosi Marealle, na wajumbe kutoka Liberia hadi Afrika Kusini wakaonana ana kwa ana. Mwaka 1958 Kanisa la Kilutheri la Tanganyika Kaskazini lilimchagua Stefano Moshi kuwa kiongozi wake, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Alikuwa amezaliwa Kotela, Mamba, akawa mwalimu kabla ya kuwa mchungaji, na mwaka 1960 akawa askofu. Hata cheo hicho kilikuwa na mjadala: makanisa mengine ya Kilutheri nchini yaliongozwa na marais wa sinodi, wala hayakuona haja ya kofia ya uaskofu.

Juni 19, 1963, makanisa saba ya Kilutheri yaliungana na kuwa kanisa ambalo leo huitwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, Moshi akiwa mkuu wake wa kwanza. Mengi kati ya hayo yalizaliwa na misheni za Leipzig, Berlin na Bethel, yakalelewa na Wamarekani, Waswidi na wengine, na kila moja lilikuja na liturujia yake, nyimbo zake na deni lake. Mhaya, Mbena, Mzaramo na Mchagga walihitaji lugha ya kubishania, na Kiswahili kikawa lugha ya muhtasari. Kwa ngazi ya chini, usharika una baraza la wazee. Juu yake kuna jimbo, kisha dayosisi yenye halmashauri yake, kisha Halmashauri Kuu ya kanisa zima na Mkutano Mkuu unaokutana kila baada ya miaka minne. Mkuu wa Kanisa huchaguliwa kutoka miongoni mwa maaskofu, na anaendelea kuwa askofu wa dayosisi yake. Hawezi kuingia dayosisi ya mwenzake na kumhamisha mchungaji hata wa kijiji kimoja.

Udhaifu huo uliwekwa makusudi. Waliounganisha makanisa saba walikuwa wameshaonja utawala wa mbali, wa Leipzig na wa Marekani, na hawakutaka kuujenga upya nyumbani. Umewagharimu: mambo ya pamoja huenda polepole, na dayosisi tajiri na dayosisi maskini hukaa kikao kimoja zikiwa na mifuko tofauti kabisa. Ila pia umewapa watu. Josiah Kibira, aliyekuwa askofu wa Bukoba tangu 1964, alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani katika mkutano wake wa 1977 uliofanyika Dar es Salaam, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mtu aliyekulia katika mabaraza ya Wahaya hakuhitaji kufundishwa namna ya kuongoza kikao cha watu wasiokubaliana.

Fedha ilibaki swali gumu. Mwaka 1971, mjini Milwaukee, Marekani, John Gatu, katibu mkuu wa Wapresbiteri wa Afrika Mashariki, aliwaambia wenyeji wake kwamba wakati umefika wa kusimamisha upelekaji wa wamisionari na fedha kwa muda, ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama. Wengi walidhani anatania au ana hasira. Mkutano wa makanisa ya Afrika uliofanyika Lusaka mwaka 1974 ukaunga mkono wazo hilo. Halikutekelezwa kikamilifu popote, na katibu mkuu yeyote aliyewahi kungoja fedha za hospitali kutoka ng'ambo anajua kwa nini. Lakini Wapresbiteri wa Kenya walichukua "Jitegemea" kuwa kauli mbiu yao, na bahasha za ahadi zenye majina ya waumini, ambazo wazee hukusanya na kuzihesabu, zimeenea katika madhehebu mengi kuliko vitabu vya katekisimu.

Bahasha hizo ndizo zinazoeleza mgogoro mkubwa kuliko yote wa KKKT. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Walutheri wa Meru walidai kutoka katika Dayosisi ya Kaskazini yenye makao Moshi. Walisema fedha zao zinapanda kwenda Kilimanjaro na vyeo havishuki. Wenzao walisema wanaleta ukabila kanisani, lawama ileile aliyotupiwa Gutmann. Nyumba zilichomwa moto, damu ikamwagika, serikali ikaingilia kati. Baadhi walihama wakaanzisha kanisa lao, na hatimaye Dayosisi ya Meru ikaundwa. Waumini wa wilaya ya Mwanga, waliokuwa na dai kama hilo, walisubiri zaidi ya miaka ishirini, na askofu wao wa kwanza, Chediel Sendoro, aliwekwa wakfu mwaka 2016. Eneo lililokuwa kanisa moja chini ya Stefano Moshi mwaka 1963 sasa lina angalau dayosisi tano: Kaskazini, Kaskazini Kati, Pare, Meru na Mwanga, kila moja ikiwa na halmashauri yake, katibu mkuu wake na mhazini wake.